Soya Mezani, Jongo Kidoleni

Vurugu yote ilianzishwa na shuka. Shuka jepesi tu, lililofuliwa hadi likapauka, ambalo Mama Soya alilivuta alfajiri moja ili na yeye ajifunike. Mume wake akapiga ukelele hadi jirani wa upande wa pili wa ukuta akagonga kuuliza kama wameingiliwa na mwizi. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na kidole gumba cha mguu wa kulia, kimevimba na kung'aa kama nyanya iliyoiva, na lile shuka lilikuwa limekipitia juu.

"Umenivunja," mume akasema, ameshika goti kwa mikono miwili.

"Nimekuvunja kwa shuka?" mke akauliza. "Acha masihara, baba watoto."

Lakini yule bwana hakuwa na masihara hata chembe. Jasho lilikuwa linamtiririka na meno ameyauma. Mama Soya akawasha taa, akakitazama kile kidole kwa karibu, na hapo usingizi wote ukamruka.

Huyo mume ndiye aliyejulikana kiwanda kizima cha sabuni kwa jina la Mzee Chumvi, mpishi mkuu wa kantini yao. Jina alipewa na wafanyakazi wenyewe, kwa kuwa chakula chake hakikuwahi kupungukiwa chumvi wala kuizidi, na kwa mtu anayepika kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea, hilo si jambo dogo. Mke naye jina lake lilitokana na biashara yake. Jikoni kwake ndiko yalikotoka maziwa ya soya ya mtaa mzima, pamoja na ile jibini nyeupe ya soya ambayo wenye madoido huiita tofu. Usiku aliloweka, asubuhi akasaga, akachuja kwa kitambaa, akachemsha huku akiengua povu, akagandisha kwa maji ya ndimu, kisha akaikandamiza chini ya jiwe ambalo mtu mwingine yeyote nyumbani alikatazwa kuligusa.

Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja kwake. Nyumba ilibaki na hao wawili, na hata hao wawili kuonana ilikuwa kazi. Mume aliondoka kukiwa bado giza ili akawashe majiko ya kantini. Mke alishinda akizunguka na ndoo zake na wateja wake. Jioni ndipo walipokaa mezani, sahani kwa sahani, mke akisimulia nani kakopa maziwa na nani kamkimbia njiani, mume akisimulia bosi gani kalalamikia wali. Hapo ndipo walipokuwa mume na mke. Saa nyingine zote walikuwa wapangaji wawili wanaolala kitanda kimoja.

Basi wakaenda zahanati, mume akichechemea na kandambili moja, nyingine kaishika mkononi. Daktari alikuwa kijana mwenye ndevu chache na subira nyingi. Alipima damu, akasoma majibu, akasema, "Mzee, hili ni jongo."

"Jongo ndiyo nini hasa?" Mama Soya akauliza.

"Kuna asidi kwenye damu, mama. Kila mtu anayo. Ikizidi, inaganda kama vichembe vya kioo na kujipenyeza kwenye viungo. Kidole gumba ndiko inakopenda kuanzia." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Yanayochangia ni mengi. Wengine wamerithi. Wengine ni uzito, wengine pombe, wengine nyama nyekundu, na hasa vile vitu vya ndani, maini na figo, na supu nzito. Sasa niambie ukweli, mzee. Unakula nini?"

Mzee Chumvi alijibu bila kupepesa macho. "Asubuhi chai ya rangi. Mchana sili."

"Huli kabisa?"

"Mpishi gani anakula mchana? Harufu yenyewe inashibisha. Jioni nakula kwa mke wangu. Soya, mboga, na wali kidogo."

"Nyama? Maini?"

"Kwetu nyama haiingii ila wajukuu wakija."

"Pombe?"

"Sijawahi kupiga maji toka nizaliwe."

Daktari alikuna ndevu zake kana kwamba jibu lilikuwa limejificha humo. Mama Soya akanyoosha mgongo, maana alisikia chakula chake kimetajwa mbele ya mtu aliyesoma. "Na hiyo soya, daktari? Haina neno?"

"Haina neno, mama. Sikatai, ina purini zake, ndizo hizo zinazogeuka asidi. Lakini purini za mimea hazisumbui kama za nyama. Watu wamechunguzwa, na walaji wa tofu na maziwa ya soya hawakuonekana kuugua jongo kuliko wengine. Ale kwa kiasi, usiijaze chumvi wala sukari. Kwa mtu anayetakiwa kukaa mbali na nyama, hicho ni chakula kizuri." Akaandika dawa ya maumivu, na kidonge kingine cha kumezwa kila siku bila kukosa, akasisitiza maji, maji, maji. Walipokuwa wanainuka akaongeza, "Ila mzee, hii damu yako hainiingii akilini. Damu ya mtu wa soya na mboga kusoma hivi? Hebu kafikirie vizuri unachokula."

"Nimeshafikiria," Mzee Chumvi akasema, na kwa haki ya Mungu alikuwa hasemi uongo.

Yangeishia hapo, kama si wifi.

Wifi yake Mama Soya alikuwa dada mkubwa wa Mzee Chumvi, mshona mapazia, mwanamke mwenye mkono mwepesi kwenye kitambaa na mdomo mwepesi zaidi penginepo. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka pasuka, na kupitia nyufa hizo alikuwa anasoma mambo ya dunia nzima. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi. Tangu alipomlea mgongoni, hajawahi kuamini kwamba kuna mwanamke mwingine anayejua kumlisha.

Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakaa kwenye kiti kizuri, akakikagua kidole, akaguna. "Anakula nini huyu?"

"Anakula chakula," Mama Soya akajibu.

"Chakula gani, wifi?"

"Unajua ninachouza, wifi. Ndicho tunachokula."

Wifi akatoa simu. Akaisogeza machoni, akaisogeza mbali, akaisogeza tena machoni. "Haya. Hapa wameandika kwamba soya ina purini. Na hapa chini wameandika kwamba purini ndiyo mama mzazi wa jongo. Sasa mimi si daktari."

"Daktari tumetoka kwake. Amesema haina neno."

"Madaktari wana wagonjwa wengi. Mimi nina mdogo mmoja."

Mama Soya alitaka kumtolea uvivu siku hiyo hiyo, lakini akameza. Wifi ni wifi. Akaenda jikoni, akaligeuza lile jiwe lake bila sababu yoyote, akarudi na chai.

Kidole kilipoa, mzee akarudi kantini. Kisha, hata mwezi haujakatika vizuri, kikafura tena, safari hii na kifundo cha mguu juu yake. Mzee Chumvi alilala kitandani akitazama dari, na mtu akilala akitazama dari hupata mawazo ambayo angekuwa wima yasingempata. Nyama sili, akajiambia. Pombe sinywi. Mchana mdomo wangu umefungwa. Kitu kimoja tu kinaingia tumboni mwangu, na kitu hicho ni soya. Sasa kama si hiyo, ni nini? Ukimsikiliza hivyo, alikuwa na hoja. Ndiyo maana hoja hiyo ilimuuma sana mke wake ilipomfikia.

Ilimfikia mezani. Alikuwa amepika tofu kwa nyanya na vitunguu, jinsi mume alivyokuwa anaipenda, imekatwa vipande vidogo na kukaangwa kingo hadi zikawa na rangi ya hudhurungi. Mzee aliitazama. Akachukua sahani kwa vidole viwili, akaisukuma polepole hadi katikati ya meza.

"Leo niache kwanza," akasema.

"Huna njaa?"

"Ninayo."

Mzee akajikokota hadi kwenye kigoda karibu na mlango, akaweka mguu juu ya ndoo iliyofunikwa, akala wali mweupe na kabichi ya kuchemsha, kampa mke wake mgongo. Mama Soya alikula peke yake mezani. Hakuona ladha yoyote. Alikuwa amepika chakula hicho kwa miaka mingi kuliko umri wa yule daktari, na sasa kilikuwa kimekaa katikati ya meza kama kitu kilichoshtakiwa polisi.

Siku zilizofuata mambo yakawa mabaya zaidi kwa upole. Mzee hakugombana. Laiti angegombana, maana kugombana wangekuwa angalau wanaongea. Alikuwa anapitia kwa dada yake akitoka kazini, anakula viazi vya kuchemsha huko, anafika nyumbani keshashiba, anasema "habari za kutwa" na kwenda kulala. Mama Soya akabaki na hadithi zake za wateja, hana wa kumsimulia. Siku moja alijikuta anaisimulia sufuria. Aliona aibu, kisha akamalizia, maana ilikuwa hadithi nzuri.

Sasa sikiliza hili. Katika kipindi hicho chote ambacho hata tone la soya halikumgusa ulimi, jongo likarudi mara ya tatu. Mama Soya, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Alidhani hapo kesi imekwisha. Alikuwa hajamjua wifi yake vizuri.

"Ni mvuke," wifi akasema, amekaa kwenye kiti kile kile kizuri.

"Mvuke gani?"

"Wa masufuria yako, wifi. Mnachemsha soya humu ndani asubuhi na jioni. Huyu anavuta. Inaingilia puani."

Mama Soya alimtazama mume wake, akingoja acheke. Mzee Chumvi alikuwa anatazama kidole chake. "Labda ukahamishia majiko nje," akasema taratibu. "Kwa muda tu."

"Nje wapi? Uani kuna kamba za nguo za watu."

"Basi ahame yeye," wifi akadakia, na hapo ikaonekana wazi kwamba shauri hili alikuwa keshalipika muda mrefu. "Nina chumba. Aje akae kwangu mpaka mguu upone. Kesho jioni nitakuja na teksi kumchukua."

Mama Soya akasubiri mume wake aseme hapana. Neno lenyewe ni fupi. Alisubiri hadi wifi akamaliza chai, akaosha kikombe na kuaga, na lile neno halikutoka. Mzee alikuwa anaogopa maumivu, na mtu anayeogopa maumivu humfuata yeyote anayemwahidi kwamba yataisha. Mama Soya alilijua hilo. Alijua pia kwamba mume akishazoea kula kwingine na kulala kwingine, mguu unaweza kupona na yeye asirudi. Usiku huo hakuloweka soya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze biashara.

Asubuhi aliamka akamkuta mume keshaondoka, na juu ya meza, kando ya bilauri ya maji, kidonge cha siku kimesahauliwa. Alikiangalia kwa hasira. Akasema, "Kaa hapo hapo, atakuja kukuchukua na teksi." Kisha akakifunga kwenye karatasi, akavaa viatu, akachukua na kopo moja kubwa tupu la maziwa, la kumrudishia mteja wa njiani, akatoka. Hasira ni hasira, na kidonge ni kidonge.

Kiwandani hakuwa amefika kwa muda mrefu. Mlinzi alimwelekeza upande wa nyuma, na yeye akasimama kwenye dirisha la kugawia chakula, ambalo saa hizo lilikuwa nusu wazi na hakuna foleni bado. Ndani kulikuwa na mvuke na kelele. Masufuria yalikuwa yamejipanga ukutani juu ya majiko, na mbele yake alikuwapo mume wake, aproni nyeupe, kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine, anachechemea kutoka sufuria moja hadi nyingine. Kiunoni alining'iniza kijiko kirefu cha chuma. Mama Soya alitaka kumwita. Akaacha, kwa sababu ya alichokiona.

Mzee Chumvi alifunua sufuria ya supu ya mifupa. Akachota kijiko kimejaa, akapuliza, akanywa. Akafumba macho, akatikisa kichwa, akatia chumvi kidogo, akakoroga, akachota tena, akanywa. Akahamia sufuria ya maini. Akadokoa pande moja, akatafuna, akameza, akangoja kidogo, akadokoa lingine, maana maini ukiyaachia kidogo tu yanakuwa mpira. Akaenda kwenye figo. Akaenda kwenye nyama ya ng'ombe. Akarudi kwenye supu. Akafika mwisho wa mstari akaanza upya, bila papara, kama mtu anayemwagilia bustani.

"Karibu, mama," sauti ikasema. Alikuwa mpishi wa pili, mwanamke mrefu mwembamba ambaye wote walimwita Mwiko. "Umemletea mzee nini?"

"Dawa," Mama Soya akasema, macho hayajabanduka kwa mume wake. "Hivi, dada, huyu hapa anafanya nini?"

Mwiko aligeuka kutazama, akaona hakuna la ajabu. "Anaonja."

"Kila siku hivi?"

"Leo amepunguza, mguu unamsumbua. Akiwa mzima ndiyo utaona. Bosi akimwuliza mbona hakai chini akala kama sisi, anasema yeye mchana hali."

"Hali," Mama Soya akarudia.

"Hali kabisa. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kumwona ameshika sahani."

Mama Soya aliegemea lile dirisha. Kwanza alitaka kucheka. Kisha damu ikamchemka, akakumbuka sahani iliyosukumwa katikati ya meza, kigoda cha mlangoni, chumba cha wifi kinachongoja. Alikuwa na haki ya kuingia mle ndani na kumpasha mbele ya masufuria yake yote. Lakini alimjua mwanamume wake. Angemwangalia kwa mshangao safi na kusema, mke wangu, hiyo ni kuonja. Na angeapa. Na angekuwa anaamini kila neno. Miaka yote hiyo jikoni ilikuwa imemfundisha kwamba chakula ni kile kilichowekwa kwenye sahani, ukakikalia chini. Kilichopitia kwenye kijiko ukiwa umesimama ni kazi.

Akachungulia ndani ya lile kopo la maziwa. Lilikuwa tupu na safi.

"Dada," akamwambia Mwiko, "nifanyie hisani moja. Kila atakapochota kuonja, na wewe chota kiasi kile kile kutoka sufuria ile ile, utie humu. Usimwambie."

"Humu? Vyote pamoja, supu na maini?"

"Tumboni vinakaa vyumba tofauti?"

Mwiko alifikiri. Alikuwa mtu wa kazi, si mtu wa maswali, lakini moja lilimshinda. "Na kazi yake nini?"

"Nataka kujua mume wangu hali nini mchana."

Mwiko aliangua kicheko, akakiziba kwa aproni, akalipokea kopo. Kidonge akakipeleka yeye mwenyewe, akamwambia mzee kimeletwa na mkewe. Mzee alitazama dirishani haraka, lakini mkewe alikuwa keshaondoka.

Jioni hiyo wifi alitimiza ahadi. Teksi ilipaki nje, dereva akaambiwa asubiri. Mzee Chumvi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, na miguuni pake begi lenye nguo chache, limefungwa vizuri mno, kama la mtu anayetaka lionekane la safari fupi. Mwiko alikuwa amelipitisha lile kopo njiani kwenda kwake, limefunikwa, limepashwa moto, na zito kuliko Mama Soya alivyotarajia.

"Kabla hamjaondoka," Mama Soya akasema, "kuna chakula mezani. Sogea, baba watoto. Si soya."

Mzee akasogea. Mama Soya alileta bakuli lake kubwa kuliko yote, lile la kuoshea soya, akalifungua kopo, akamimina. Supu ikatangulia, ikafuatiwa na mapande ya maini, figo, nyama, mafuta yakielea juu. Bakuli likajaa hadi karibu na ukingo, na kopo bado likawa na salio.

Pua ya Mzee Chumvi ilitangulia kuamka. Alisahau mguu, akasahau begi. Aliinama, akanusa, akachukua kijiko, akachota kidogo, akanywa. "Hii supu imetulia," akasema. Akageuza pande moja la ini kwa ncha ya kijiko. "Na haya maini yametolewa jikoni kwa wakati wake hasa. Nani kapika?"

"Wewe," mke akasema.

"Mimi?"

"Leo. Kantini."

Mzee alitabasamu nusu, hajui mzaha unaelekea wapi. "Sasa huu mzigo wote ni wa nani?"

"Ni wako. Umeshaula."

Wifi akasogeza kiti. Mama Soya akawaeleza wote wawili, bila kupaza sauti: kidonge kilichosahauliwa, dirisha, kijiko kirefu, na jinsi Mwiko alivyochota kila alipochota mzee, kiasi kwa kiasi, sufuria kwa sufuria, tangu yeye mwenyewe alipotoka dirishani hadi foleni ilipoanza. "Na hapo nilikuta umeshaanza," akamalizia. "Ya alfajiri hayamo."

"Lakini hiyo ni kuonja," Mzee Chumvi akasema, kama alivyotegemewa.

"Sawa. Kidole chako kinaijua hiyo tofauti?"

Mzee alilitazama bakuli. Akalitazama kwa jicho la mpishi, jicho linalokadiria bakuli moja litashibisha watu wangapi, na jibu alilolipata halikumpendeza. Mkono uliokuwa umeshika kijiko ukashuka taratibu hadi mezani. "Daktari aliniuliza," akasema, sauti imekwisha nguvu. "Aliniuliza maini, na mimi nikamwambia sili. Nilikuwa naona kabisa ni kweli."

"Ulimwambia huli nyama?" dada mtu akauliza. Alikuwa hatazami tena simu yake. "Wewe ndugu yangu una wazimu. Bakuli hili mimi na majirani zangu hatulimalizi." Nje, dereva akapiga honi. Wifi akainuka, akaenda mlangoni, akamwambia aende zake. Aliporudi hakumwangalia wifi yake usoni, ila alilichukua lile begi akalirudisha chumbani mwenyewe. Kwa mtu wa aina yake, hiyo ilikuwa hotuba nzima ya kuomba radhi.

"Kesho Mwiko ataonja," Mzee Chumvi akasema. "Ulimi wake mzuri, ila hajiamini. Mimi nitasimama pembeni nimwambie cha kufanya. Na kesho kutwa nitakwenda kumwambia daktari ukweli wangu mpya."

"Utafanya hivyo," Mama Soya akasema.

Alikuwa ameshinda, na bado alikuwa amesimama, mikono kaikunja kifuani. Kulikuwa na swali alilokuwa nalo tangu usiku ule wa kabichi, na kushinda hakukulijibu. Akaliuliza.

"Nina swali moja, halafu sitakuuliza tena. Miaka yote hii nakupikia. Alipotokea mtu akasema kinachokuumiza ni chakula cha mke wako, hukubisha hata dakika. Ulisukuma sahani. Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kuamini kwamba ni mimi?"

Mzee Chumvi alikuwa mtu wa masufuria, maneno ya namna hii hakuyazoea. Alisogeza bakuli pembeni ili amwone vizuri.

"Sikuamini kwamba ni wewe," akasema. "Nilipoulizwa nakula nini, nilijaribu kukumbuka. Kule kazini sikumbuki kitu, nakuwa kama mashine. Kitu pekee ninachokumbuka nimekula kutwa nzima ni hiki cha hapa, tukiwa tumekaa. Ndiyo maana nilikitaja. Sikuwa na kingine cha kutaja."

Mama Soya akafungua mikono. Alitaka kusema neno, akaona litatoka limelowa, akaenda zake jikoni. Huko alikaa zaidi kidogo ya muda wa kukaanga tofu. Alirudi na sahani mbili, kingo zimekauka vizuri, vitunguu juu, na bilauri kubwa ya maji aliyoitua mbele ya mume wake kwa kishindo cha makusudi.

Wifi alikohoa. Akauliza, akitazama ukutani, kama huko jikoni kuna sahani ya tatu.

"Ipo, wifi. Kaa."

Mzee Chumvi alivuta kiti chake karibu, akaweka mguu mbaya juu ya ndoo, akakata kipande cha kwanza. Hakupuliza, hakufumba macho, wala hakusema kama chumvi imetosha. Alikitafuna taratibu hadi kikaisha, akameza, kisha akamgeukia mke wake na kumuuliza nani alikopa maziwa wiki hii.

Hadithi zilikuwa zimelimbikizana, na mojawapo ni sufuria tu iliyokuwa imeisikia. Mama Soya akavuta pumzi, akaanza na hiyo.